Nyota tatu kwa yadi ya Dar iliyoniuzia Probox

Nauza asali. Naitoa Sikonge naileta Tabora mjini, na kwa mzigo wa madumu sijaona gari la bei yangu linaloishinda Probox. Zinazouzwa hapa nyingi zimeshachoshwa na kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria, ndiyo maana nikahamia yadi moja ya magari ya Dar. Jina siliandiki, wakisoma watajijua.

Kijana wao wa mauzo ana subira, hilo lazima niseme. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nataka video ya asubuhi, gari halijawashwa. Shika ekzosi kwanza nione haikuunguzi." Akashika, akawasha bila kukata video, injini ikatulia, moshi hakuna. Akapiga picha hadi zile tarakimu nne za ubavuni mwa tairi. Mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: mbele 22, nyuma 15. Tairi za 2015 ndizo zije kwa njia ya Manyoni na Itigi! Nikakataa, wakaweka nyingine kwa gharama yao.

Nyota zimepungua kwenye tangazo. Waliandika cc 1490, yaani ukubwa wa injini. Picha ya namba ya chesisi ilipokuja inaanza na NCP50, na wanaozijua Probox wanajua hiyo ni 1290, injini ya 2NZ. Ya 1490 ni NCP51. Nikauliza, nikajibiwa, "Dada, ni makosa ya kuandika tu." Sawa, ila mbona na bei ilikuwa ya 1490? Nikanyamaza. Wakawa wanapiga simu wao, na bei ikashuka.

Hela kubwa sikuitoa mpaka shemeji yangu wa Tabata alipoenda kulinganisha chesisi na kadi, wakaandikishana kwa wakili. Madeni ya faini za trafiki niliangalia mwenyewe kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa namba ya gari.

Dereva waliyenitafutia ni mstaarabu, gari halina mkwaruzo. Lakini mafuta niliyolipia yalikuwa ya kubaki, yeye kafika taa ya tenki inawaka. Nilipouliza akaanza kunisifia mji.

Gari lenyewe? Lami ya Sikonge haina mlima wa kuitesa 1290. Likijaa madumu nyuma linakaa chini mno, kwa hiyo nimeweka springi ngumu zaidi kwa fundi wa hapa Ng'ambo. Hizo siwadai yadi.