Zanzibar: risoti ya kila kitu ndani au gesti ya kijijini?

Mi nimelala kote kuwili, Kiwengwa kwenye risoti ile unalipa mara moja chakula na vinywaji vyote humo humo, na Jambiani kwenye gesti ya vyumba vichache, na tofauti ni kubwa kwelikweli.

Risoti raha yake ni mkiwa na watoto. Bufee asubuhi mchana usiku, hakuna anayekudai hela kila saa, halafu bahari ya upande ule wa mashariki ikikupwa inaenda mbali kabisa, masaa kadhaa huwezi kuogelea, kwa hiyo lile bwawa la hoteli linasaidia sana. Ila ukishalipa unaona lazima ule mle mle, nimekaa siku 4 sijaonja urojo wala mkate wa kumimina, sasa hiyo Zanzibar gani jamani! Na kijiji kipo nyuma ya ukuta tu.

Gesti unalipia chumba na chai ya asubuhi, mengine juu yako. Bahari ikikupwa unawaona kina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, unanunua pweza kwa mvuvi unapikiwa wa nazi, na hela inabaki kwa watu wa pale, kwangu mi hilo ndo kubwa. Shida usafiri, usiku daladala hupati na taksi bei juu.

Watoto wadogo na siku 3 tu? Nendeni risoti. Mkiwa wawili, au wiki nzima, gesti. Na kabla hujalipa risoti uliza vinywaji gani vimo, maana kuna zingine safari za baharini na vinywaji vikali unalipia pembeni.