Leseni za Creative Commons kwa Wasanii na Wanamuziki: Tathmini

Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ni huduma isiyo na malipo inayomwezesha msanii kuruhusu kazi yake inakiliwe na kusambazwa bila yeye kuachia hakimiliki. Ziko sita, na zote zinadai mwenye kazi atajwe. Ukurasa wa kuchagulia leseni ni mwepesi: mtumiaji hujibu maswali machache, kisha hupewa maandishi ya kuambatanisha na wimbo au picha yake.

Wepesi huo, kwa maoni yangu, ndio unaohitaji tahadhari, kwa sababu ruhusa ikishatolewa haiwezi kufutwa kwa wale walioipata kazi kwa masharti hayo, hata msanii akiiondoa mtandaoni. Mwanamuziki alizingatie zaidi sharti la kutobadilisha kazi, lililomo katika baadhi ya leseni hizo, kwani kuoanisha wimbo na picha za video huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha, jambo linalowafungia mlango watengenezaji wa filamu, ambao pengine ndio aliowalenga. Toleo la 4.0, la mwaka 2013, linampa aliyekiuka masharti siku 30 tangu agundue kosa ili alirekebishe na kurejeshewa haki. Ningeshauri lichaguliwe hilo badala ya matoleo ya zamani.