Mwamba wa Vivekananda, Kanyakumari: wahini asubuhi na msikipite kile chumba cha kutafakari

Nilikuwa Chennai na mama kwa matibabu, daktari akasema majibu siku nne, dada akabaki naye mi nikapanda treni ya usiku mpaka Kanyakumari, ncha kabisa ya India kusini, kwa ajili ya huu mwamba tu. Hela yangu haikupotea hata kidogo.

Kwa wasiomjua, Vivekananda ni mtawa wa Kihindu, kazaliwa Calcutta 1863, mwanafunzi wa Ramakrishna. Mwalimu wake alipofariki 1886 akaanza kuzunguka India, mfukoni hana kitu. Desemba 1892 akafika hapa, na wenyeji wanasimulia hakuwa na nauli ya mtumbwi akaogelea mpaka mwambani, akakaa siku tatu anatafakari. Septemba iliyofuata huyo Chicago, kwenye mkutano wa dini za dunia, anawaita Wamarekani dada na kaka zake ukumbi mzima unasimama! Alikufa 1902 ana miaka 39 tu.

Sasa safari yenyewe. Boti ni dakika chache, unavaa laifu jaketi, bahari inarusha kama Zanzibar kusi ikivuma. Ukifika unavua viatu, na jiwe likishapata jua linaunguza nyayo kwelikweli, ndo maana nasema asubuhi. Kuna sanamu yake amesimama, na lile daraja jipya la kioo la kwenda kwenye sanamu ya Thiruvalluvar, mshairi wa kale wa Kitamil, zuri, nilipita nikarudi.

Ila jamani kile chumba. Giza, alama ya Om, ile takatifu ya Wahindu, inawaka mbele, watu wamekaa chini na hakuna simu wala neno. Wengi wanachungulia dakika moja wanatoka kupiga picha. Mi nilikaa jirani na bibi mmoja viganja vimefunguka magotini, nikajikuta nafuata pumzi zake, ndani nje, taratibu, na ndo mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani sikuwaza majibu ya mama. Yoga aliyofundisha huyu bwana ni hii hasa, kutuliza akili, sio kujikunja viungo peke yake, na hapo niliielewa kuliko mahali popote.

Angalizo moja, wakala mmoja mjini aliniuzia "tiketi ya haraka" nikakuta foleni ni ile ile, kwahiyo kateni wenyewe pale gatini. Na ulizeni hali ya bahari kwanza maana ikichafuka boti haziendi.