Mkanda wa mgongo wenye vyuma: unamfaa mwenye mfereji uliobana?

Mikanda ya mgongo inayouzwa Mwanjelwa na katikati ya jiji la Mbeya huuzwa yote kwa jina moja: ya maumivu ya kiuno. Kwa mtu ambaye mfereji wa uti wa mgongo umebana sehemu ya chini, jina hilo linapotosha, maana mkanda mbaya humzidishia ganzi ya miguu.

Milima yetu huuonyesha ugonjwa huu waziwazi. Mgonjwa hupanda mwinuko bila taabu kubwa, ila akiteremka miguu inakuwa mizito na kufa ganzi. Akipanda huinama mbele, mfereji ukapanuka kidogo. Akiteremka mgongo hujikunja kwa nyuma, mishipa ya fahamu ikabanwa. Ndiyo maana anaweza kukokota baiskeli ameinamia usukani, lakini foleni ya dakika kumi inamshinda. Ambaye ganzi humwisha kwa kusimama tu, bila kukaa wala kuinama, apimwe kwanza mishipa ya damu ya miguu.

Kabla ya kulipa, geuza mkanda utazame mgongoni mwake. Kuna vifuko vyembamba vyenye vipande vya chuma. Vikiwa vimepindwa kufuata mbonyeo wa kiuno, vinausukuma mgongo kulekule unakoumia. Vichomoe, vinyooshe, virudishe. Au chukua mkanda mpana wa lastiki usio na vyuma. Ukingo wa juu ukae chini ya mbavu, wa chini juu ya nyonga, na vidole viwili vipite ndani. Kwenye baridi ya Juni na Julai wengi huuvaa juu ya sweta. Unateleza na kupanda kifuani. Uvae juu ya fulana nyepesi, sweta lije juu yake.

Mkanda mzuri huongeza umbali wa kutembea ukiwa umeuvaa. Ukiuvua, faida imeisha. Saa moja au mbili za kwenda sokoni zinatosha. Kushinda nao kutwa hulegeza misuli.

Mazoezi tiba tunayapa alama kubwa zaidi. Lala chali, vuta magoti yote mawili kifuani, hesabu hadi 20, rudia mara 5, asubuhi na jioni. Kosa kubwa ni kupewa zoezi la kulala kifudifudi na kuinua kifua, ambalo hufundishwa sana kwa wenye diski (kitakio laini kati ya pingili) iliyotoka. Kwa mfereji uliobana, hilo ndilo linalobana zaidi.

Diklofenaki, dawa ya maumivu ya kununua dukani, huchoma tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) mgongoni, ikisaidia, husaidia kwa wiki kadhaa tu, na hupandisha sukari.

Umbali wa kutembea ukizidi kupungua licha ya mazoezi, ni wakati wa kuzungumzia upasuaji wa kuondoa mfupa na kano zinazobana. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam ina madaktari bingwa wake. Ukiambiwa utafungwa na skrubu za kuunganisha pingili za mgongo, uliza sababu: utafiti wa Sweden wa 2016 haukuona faida ya kuongeza kuunganisha pingili kwenye upasuaji huo.

Mkojo ukigoma kutoka, au sehemu unayokalia ikifa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo, maana mishipa ikikaa imebanwa, kibofu huenda kisirudie kazi yake.