Uanagenzi wa kaunsili England: nimetoka kwenye kea mpaka ofisi ya kodi, nawapa nyota 4 kati ya 5

Wadau wa UK, hii naandika kwa ajili ya yule anayebeba boksi usiku halafu anajiambia umri umeshaenda. Mimi nilianza uanagenzi (apprenticeship, yaani unajifunza kazi huku unalipwa) kwenye kaunsili moja, yaani halmashauri, ya huku England Septemba 2023 nikiwa na miaka 34, watoto wawili, nimeshapiga kazi za kea, za kuhudumia wazee na wagonjwa, miaka sita, na siku zote nilijua haya mambo ni ya watoto waliomaliza shule juzi. Kumbe hamna ukomo wa umri. Wanachoangalia ni kibali chako cha kazi na kama umeishi hapa miaka 3 kabla ya kuanza, aliyepewa hadhi ya ukimbizi hasubirishwi hiyo miaka, ila ukiwa na viza ya mwanafunzi hapo huingii.

Nilipangiwa idara ya kaunsili taksi, ile kodi ambayo kila kaya inailipa kaunsili, kozi ya utawala wa ofisi levo 3. Kazi yenyewe ni barua, simu, watu wamehama, mtu kafiwa na mume hajui bili ibadilishwe jina vipi. Na hapa niseme kitu jamani, kama unaishi peke yako una haki ya punguzo la asilimia 25 kwenye hiyo kodi, nimekutana na ndugu zetu wengi wanalipa nzima miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nikimsaidia mama mmoja wa aina hiyo kurudishiwa hela yake siku hiyo narudi nyumbani mwepesi kabisa.

Sasa mshahara, maana ndo kila mtu ananiuliza. Kima cha chini cha mwanagenzi mwaka ule kilikuwa paundi 5.28 kwa saa, ukiisoma hiyo kwenye tangazo unafunga simu. Lakini hicho ni kiwango cha chini tu cha sheria, kaunsili nyingi zinalipa zaidi, yangu ilinipa kima cha watu wazima 10.42, bado ilikuwa pungufu ya nilichokuwa napata kea nikijumlisha wikiendi na usiku, miezi ya kwanza tulibana kweli kweli nyumbani. Ila hesabu na vingine: ada ya kozi hulipi hata senti, mkopo wa masomo hamna, likizo ya malipo ipo, na unaingia kwenye pensheni ya serikali za mitaa, kila mwaka unawekewa 1/49 ya mshahara wako wa mwaka kama pensheni ya maisha. Kwenye kea miaka sita sikuwahi kukaa na mtu akanieleza pensheni.

Na usiende pale kama mtu anayeomba msaada. Tangu Aprili 2017 mwajiri ambaye mishahara yake inazidi paundi milioni 3 kwa mwaka anakatwa asilimia 0.5 ya mishahara hiyo kwa ajili ya mfuko wa mafunzo haya, ile hela inakaa kwenye akaunti yake na isipotumika ndani ya muda inapotea. Kwa hiyo wanakuhitaji pia.

Nyota moja nimeitoa kwa nini. Sheria ya wakati ule ilisema nipate angalau saa 6 kwa wiki za kujifunza, ndani ya saa za kazi, zinalipwa. Miezi minne ya mwanzo sikuzipata. Kila Alhamisi yangu ya masomo simu zimejaa, bosi anasema saidia kidogo tu, nikajikuta naandika kazi za kozi saa tano usiku watoto wamelala, nimechoka mpaka nalia. Niliogopa kusema, si unajua sisi tunavyolelewa kutojibizana na mkubwa kazini. Siku niliyoenda kwa bosi na mkataba mkononi nikamwonyesha kile kipengele, ilitengenezwa wiki hiyohiyo, na hakunichukia. Ningesema mwezi wa kwanza. Wewe uliza kwenye intavyuu kabisa: siku yangu ya masomo ni ipi na nani atashika simu zangu?

Chuo nacho kilinirudisha kwenye mtihani wa Kiingereza na hesabu, cheti changu cha form four hakikutosha. Tangu Februari 2025 kwa mwenye miaka 19 na kuendelea hiyo si lazima tena kama wewe na mwajiri mmekubaliana, kwa hiyo mtakaoingia sasa mna nafuu. Mwishoni kuna mtihani wa kuchagua majibu, mahojiano juu ya kazi ulizokusanya, na kuelezea mradi wako. Mradi wangu ulikuwa barua za kaunsili taksi, kuziandika kwa lugha ambayo mtu mgeni wa nchi anaielewa, nilipita.

Nilibaki palepale kwa ajira ya kudumu na sasa nasoma levo 4 ya mapato na mafao, bado kwa hela ya mfuko uleule. Na sio ofisi tu, kuna uanagenzi wa nyumba, wa mipango miji, hata digrii ya ustawi wa jamii, na hiyo nadhani mtu wa kea angeiangalia ya kwanza kwa sababu nusu ya kazi ameshaijua tayari. Matangazo yapo kwenye tovuti ya serikali na za kaunsili zenyewe, mdogo wangu yeye fomu yake tunaijaza Jumapili hii baada ya kanisa.