Tahadhari: "nta ya karnauba" inayouzwa Malindi ni mshumaa uliotiwa manjano

Mafundi wa mbao wenzangu wa Lamu na Malindi, na dada zetu mnaotengeneza mafuta ya midomo, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna jamaa anauza nta ya karnauba, ile nta ngumu ya majani ya kung'arishia, mtandaoni, anasema duka lake liko Malindi. Wiki mbili zilizopita nilimtumia shilingi 3,600 kwa M-Pesa, kilo mbili. Mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, nikaupokea nimefurahi kama mtoto siku ya Idi. Vipande vya manjano, mfuko msafi, lebo nzuri.

Mimi huchanganya karnauba na nta ya nyuki na tapentaini, nikapaka masanduku na milango ya nakshi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na kwa joto letu hili ikiwa peke yake hunata vidoleni. Karnauba haiyeyuki mpaka nyuzi 82 hadi 86, kwa hiyo ndiyo inayoleta ugumu na mng'ao. Basi nimeteleka sufuria ya maji, bakuli la hiyo nta ya Malindi juu yake, nikageuka kutafuta kitambaa. Kurudi, nta yote imekuwa maji, na sufuria haijatoa hata povu! Nikachovya kidole kwenye maji ya sufuria, kikastahimili. Nikanusa bakuli: mshumaa mtupu. Chini kumetuama vumbi, nikalionja kwa ncha ya ulimi. Manjano, ile ile ya mchuzi wa samaki.

Nikampigia. Ati nta yake inakamuliwa kwenye minazi ya hapa hapa. Uongo huo! Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili: majani hukatwa, hukaushwa, hupigwa mpaka unga wa nta udondoke, ndipo unayeyushwa. Mnazi wetu una nazi, makuti, kumbi, na tembo kwa wenyewe wanaokunywa. Nta ya kukamua hauna. Nilipodai pesa zangu akanifungia namba.

Msiangalie rangi, maana karnauba halisi iko ya manjano na iko ya kahawia. Bonyeza kwa ukucha. Ya kweli ni ngumu, ukucha hauingii, na ukiivunja inakatika ko! kama kigae. Hii yake iliingia ukucha kama sabuni.

Kinachoniudhi zaidi, kwenye picha zake anaandika inafaa peremende na mafuta ya midomo. Karnauba halisi kweli hutumika huko, hata kwenye pakiti za peremende huandikwa E903, na hung'arisha vidonge vya dawa, kiwi cha viatu na magari. Lakini hiki kimshumaa chake mteja akipake mdomoni?

Kilichobaki nasugulia droo zisikwame. Ujumbe wa M-Pesa ninao. Aliyelizwa naye aniandikie, twende kuripoti pamoja.