Sanduku la Penseli 12: Anayeanza Kuchora Analihitaji?

Assalaam aleikum, karibuni tena barazani. Leo niko nyumbani Kibokoni, feni inazunguka na jasho liko palepale. Mezani nina hili sanduku la bati, penseli 12, limeandikwa ni la wanaoanza kuchora. Nimelitumia wiki 3. Nililinunua shilingi 950, na jina la kampuni nalifunika kwa kidole, maana nina lalamiko.

Penseli zinaanzia 4H hadi 6B. H ni ugumu, B ni weusi, namba ikizidi na sifa inazidi; HB iko katikati. Kilicho ndani si risasi, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi: udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu; grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Sasa mgeni wa kuchora na hizi H zote wapi na wapi? Wapewe mafundi wa ramani za majumba. Tazama, nikikandamiza 4H karatasi inaingia mfereji, raba haiutoi. Mimi natumia 3 tu: HB, 2B na 6B.

Lakini hii 2B, wallahi, tamu! Ngojeni niwaonyeshe. Nimeweka kikombe cha kahawa tungu, vile vidogo visivyo na mkono. Mdomo wake ni duara, ila kutoka nilipokaa naona duara lililobanwa. Haya, shuka nami hadi kitako. Wiki ya kwanza nilikuwa nakichora kwa mstari ulionyooka, kikombe kikawa kama kimekatwa kwa msumeno. Kitako nacho ni duara, tena kwa kuwa kiko chini zaidi ya jicho, kinajipinda kuushinda mdomo. Huamini? Chukua kikombe chako, inama mpaka jicho liwe sawa na mdomo wake. Mdomo umekuwa mstari mmoja, kitako bado kimepinda. Fanya sasa hivi, nakungoja.

Umeona eeh?

Kivuli sasa. Dirisha liko kushoto, kwa hiyo kulia kuna giza. Laza penseli ubavu, usitumie ncha, na mkono uende kutoka begani. Usitie weusi mpaka ukingoni kabisa: pale mwisho kuna mwanga kidogo unaorudi kutoka mezani. Uache. Huo ndio unaokifanya kikombe kiwe mviringo. 6B ngojea mwisho, pale kikombe kinapokalia meza, mstari mwembamba tu. Na kwa joto letu hili weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, la sivyo jasho litapaka grafiti daftari zima.

Lalamiko langu ni 4B. Ukiichonga, ncha inaanguka. Ukichonga tena, inaanguka. Grafiti imevunjika ndani kwa ndani. Penseli ikianguka sakafuni mbao husalimika, moyo ndio huvunjika, na hii sikuiangusha mimi. Nilirudi dukani, muuzaji akaniambia ninunue sanduku jingine. Haya!

Basi ukiniuliza, usinunue. Nenda duka la vifaa vya shule, chagua zile 3 mojamoja, ongeza raba na daftari lenye karatasi nzito kidogo. Chenji itakunywesha kahawa, na kikombe ukichore kabla hakijapoa.

Ila bati lenyewe ni zuri, sikatai. Mama keshalichukua, anatilia sindano.